Mwangwi Ndani ya Bomba: Namna ya Kuchagua Ekzosi ya Gari la Rimoti la Petroli

Weka mezani mabomba mawili ya moshi ya gari la rimoti linalotumia petroli. La kwanza ni lile lililotoka na gari kiwandani: kasha dogo la chuma lenye tundu la kuingilia na kidomo cha kutokea. La pili ni refu, jembamba mwanzoni, limevimba katikati, kisha limenywea tena kuelekea mkiani, kama chatu aliyemeza mbuzi. Muulize muuzaji tofauti yake, atakwambia la pili linaongeza nguvu. Hajakudanganya, ila hajamaliza maneno. Linaongeza nguvu injini ikiwa katika raundi zipi? Na gari lako hukaa kwenye raundi hizo kwa muda gani kabla hujakanyaga breki ya kona inayofuata?

Wanunuzi wengi hununua kwanza, wakaja kuyajua maswali hayo uwanjani. Makala haya yanaanza na maswali. Yanahusu zaidi magari makubwa ya kipimo cha 1/5, kama Baja 5B ya HPI iliyoingia sokoni mwaka 2006, au 5IVE-T ya Losi. Haya si vichezeo vya sebuleni. Baja 5B ina urefu unaozidi sentimita 80, na injini yake ina plagi, kabureta na kamba ya kuvuta kama mashine ya kukatia majani. Si ajabu, kwa kuwa injini nyingi za magari haya zina nasaba hiyohiyo. Zenoah ya Japani, ambayo injini zake zimeenea sana katika mchezo huu, ni kampuni ya misumeno ya mnyororo na mashine za kufyekea. Ni injini za tuu-stroku, silinda moja, nyingi zikiwa na ujazo wa kati ya cc 23 na cc 30 hivi, na hunywa petroli iliyochanganywa na oili. Mvuvi wa pwani anayechanganya oili kwenye petroli ya mashine ya boti yake hahitaji kufundishwa hapo.

Kazi ya mwangwi

Katika injini ya fo-stroku, kama ya gari la abiria, vali hufungua na kufunga milango ya hewa na moshi. Tuu-stroku ya aina hii haina vali hizo. Pistoni yenyewe ndiyo mlinzi wa mlango: ikishuka hufungua kwanza mlango wa moshi ubavuni mwa silinda, halafu milango ya kuingizia mchanganyiko mpya. Kuna kitambo ambapo milango yote iko wazi. Hapo mchanganyiko mpya, ambao haujaungua hata kidogo, hupata njia ya kutorokea kwenye ekzosi. Sehemu ya petroli uliyonunua hutoka nje mbichi.

Bomba lenye umbo la chatu lilibuniwa kuzuia utoro huo bila kuongeza kipande hata kimoja kinachosogea. Mlango wa moshi unapofunguka, shinikizo la ghafla hutoka kama wimbi na kukimbia ndani ya bomba. Likifika mahali bomba linapopanuka, hurudisha nyuma wimbi la kunyonya, ambalo huvuta moshi uliobaki na kusaidia mchanganyiko mpya kuingia. Likifika koni ya pili, pale bomba linapobana, hurudisha wimbi la kusukuma. Wimbi hili likirudi mlangoni kabla tu pistoni haijaufunga, hukuta mchanganyiko uliotoroka na kuusukuma tena ndani ya silinda. Kwa sababu hiyo tuliite bomba la mwangwi: injini inapiga kelele, bomba linaitika, na jibu likifika kwa wakati wake, silinda inashiba.

Elimu hii ilikomaa katika pikipiki za mbio. Walter Kaaden, mhandisi wa kiwanda cha MZ huko Zschopau, Ujerumani Mashariki, aliendeleza mabomba haya katika miaka ya 1950, na kufikia mwaka 1961 injini yake ya cc 125 ilikuwa ikitoa nguvu-farasi 25, yaani 200 kwa kila lita. Mwaka huohuo dereva wake, Ernst Degner, alitorokea Magharibi na kwenda na elimu hiyo hadi Suzuki, na mwaka uliofuata Suzuki ikapata ubingwa wake wa kwanza wa dunia, katika daraja la cc 50. Bomba unaloliona leo chini ya bodi ya plastiki ya gari la rimoti ni kijukuu cha kazi ile.

Hesabu ya sentimita 13

Mwangwi huo una sharti moja gumu: lazima urudi kwa wakati. Wimbi ndani ya moshi wa moto husafiri takriban mita 500 kwa sekunde, na kasi hiyo haijali umebonyeza resi kiasi gani. Injini nayo hubadilisha mwendo kila dakika. Tuseme mlango wa moshi hubaki wazi kwa nyuzi 150 za mzunguko wa kranki. Kwa raundi 12,000 kwa dakika, nyuzi hizo hupita kwa kama milisekunde 2.1. Katika muda huo wimbi linaweza kwenda na kurudi jumla ya mita 1.04, maana yake sehemu ya kurudishia iwe kama sentimita 52 kutoka kwenye pistoni. Pandisha raundi hadi 16,000: muda unapungua hadi milisekunde 1.6 hivi, na umbali unashuka hadi sentimita 39.

Tofauti ni sentimita 13 tu. Bomba lililokatwa kwa ajili ya raundi 16,000 likiendeshwa kwa 9,000, mwangwi hurudi mapema mno, wakati pistoni ndiyo kwanza inaanza kupanda, na badala ya kusaidia huvuruga. Dereva huhisi gari linazubaa linapotoka kwenye kona, kisha ghafla kama limepigwa teke. Wengi hulipenda teke hilo na kuliita nguvu. Saa ya kupimia mizunguko mara nyingi haikubaliani nao, kwa sababu sekunde zilizopotea kwenye uzubavu hazirudishwi na teke.

Tukubaliane basi kwamba bomba la mwangwi huongeza nguvu mahali fulani na kulipia mahali pengine. Bomba refu huweka utamu wake chini na katikati, na fupi huupeleka juu. Koni zenye mwinuko mkali hutoa nguvu nyingi katika ukanda mwembamba wa raundi, na koni zilizolala hutoa kidogo zaidi katika ukanda mpana. Hakuna bomba lisilo na bei hiyo, hata likiandikwa nini kwenye kasha lake.

Uwanja ndio unaochagua

Ukishalijua hilo, anza kwa kutazama ardhi unayoendeshea. Kwenye uwanja wa udongo wenye kona za karibu na matuta ya kuruka, injini haikai juu kwa muda mrefu. Hupanda, hushuka, hupanda tena. Hapo bomba linalovuta kuanzia katikati litamshinda jirani yake mwenye bomba la raundi za juu, hata kama kwenye karatasi la jirani lina nguvu-farasi zaidi. Magari yanayoendeshwa kwa magurudumu mawili ya nyuma, kama Baja 5B, yanahitaji upole huu zaidi: nguvu inayokuja kwa teke huzungusha matairi na kugeuza gari mkia mbele.

Mchanga ni jambo jingine. Kwenye vilima vya mchanga, matairi huzama na mzigo haupungui hata kwenye mstari ulionyooka. Injini hufanya kazi kama mtu anayepanda ngazi bila kupumzika. Inahitaji msukumo mzito wa katikati unaoendelea hadi juu, na kupozwa vizuri, kwa sababu inabaki katika mzigo kwa muda mrefu.

Lami pana na tambarare ndiyo makao ya bomba la raundi za juu. Hapo gari linapata nafasi ya kuufikia ukanda wake na kubaki humo. Hata hivyo, bomba la namna hii halifanyi kazi peke yake. Klachi inayoshika mapema huibwaga injini chini ya ukanda wa bomba, kwa hiyo springi ngumu zaidi zinaweza kuhitajika ili ishike ikiwa imeshapanda. Gia nazo zifuate: injini inayopenda kuzunguka zaidi hupewa pinioni ndogo kidogo. Anayenunua bomba bila kugusa klachi wala gia amenunua nusu ya kitu.

Kuhusu injini yenyewe, mantiki ni hiyohiyo. Injini ya kiwandani isiyoguswa, ambayo milango yake imekatwa kwa kazi ya kufyeka majani, haina haja ya bomba la raundi 18,000, kwa kuwa haiwezi kupumua kiasi hicho. Mabomba hayo ni ya silinda zilizopanuliwa milango na fundi.

Kama lako ni la naitro

Magari madogo zaidi, ya kipimo cha 1/8 na 1/10, mengi hutumia naitro: mchanganyiko wa methanoli, naitromethani na oili, unaowashwa na plagi ya waya unaowaka. Baadhi ya wauzaji huyaweka yote katika fungu moja, jambo linalompoteza mnunuzi.

Tofauti ya kwanza ni kwamba gari la naitro karibu kila mara hutoka kiwandani likiwa tayari na bomba la mwangwi. Kubadilisha hapo ni kuhama kutoka bomba moja hadi jingine, na faida ni ndogo, ya kurekebisha tabia ya injini kuliko kuiongezea misuli. Kwenye petroli unahama kutoka kasha hadi bomba, na tofauti huihisi hata mtu anayetazama ukingoni.

Ya pili ni shinikizo. Bomba la naitro lina chuchu ndogo yenye mpira unaokwenda kwenye tangi, na shinikizo la moshi ndilo linalosukuma mafuta kuelekea kabureta. Ukibadilisha bomba umebadilisha pia namna injini inavyolishwa. Kabureta ya petroli, kama Walbro, ina pampu yake ya utando inayoendeshwa na mapigo ya hewa kutoka kwenye chumba cha kranki, na haidai kitu kwenye bomba.

Ya tatu ni joto. Bomba la alumini hudumu vizuri kwenye naitro kwa sababu methanoli hupoza. Moshi wa petroli ni mkali zaidi, na alumini huyeyuka kwa nyuzi 660 za selsiasi. Ndiyo maana mabomba mengi ya petroli ni ya chuma. Bomba la chuma ni zito, lakini ukilifunga vizuri hudumu.

Kulikagua bomba mkononi

Mabomba mawili yenye umbo moja yanaweza kuwa ya thamani tofauti kabisa. Kwanza hakikisha limetengenezwa kwa chesisi yako. Bomba linalofaa injini fulani ya Zenoah linaweza kukubaliana na boliti za silinda, kisha likagonga fremu au tangi, kwa kuwa kila gari limeilaza injini kwa namna yake. Kupata sentimita 50 za bomba ndani ya gari la sentimita 80 kunahitaji kulikunja, na kila gari lina mkunjo wake.

Ingiza kidole kwenye shingo, pale inapoungana na sahani ya boliti. Ukikuta ukingo wa welda umevimbia ndani, jua wimbi nalo litaukuta. Fundi mzuri huuchonga mpaka ulainike. Tazama mishono ya nje: iwe myembamba, sawasawa, bila vitundu. Kisha tafuta vishikizo. Bomba refu lililoshikiliwa na boliti mbili tu za silinda ni kama mtu aliyening'inizwa kwa vidole: mtikisiko wa injini na kila tuta huishia kwenye sahani ile, na ufa huanzia hapo. Kishikizo cha pili chenye mpira au springi, kinachoruhusu bomba lisogee kidogo, kina thamani kuliko rangi ya nikeli inayong'aa. Kikiwa kigumu mno, chenyewe hugeuka kuwa mahali pa kupasukia.

Mwisho, pima nafasi kati ya tumbo la bomba na bodi. Bodi za magari haya ni plastiki, na tumbo la bomba lililotoka kazini huiyeyusha bila haraka, kama moto wa makumbi.

Suala la kelele

Sauti ya bomba la mwangwi lisilo na sailensa ni kali, ya kukwaruza, na husafiri mbali. Wapo wanaoitaka hivyohivyo. Lakini kelele haihusiani na nguvu kwa namna wanavyofikiri. Wimbi linalosaidia injini hurudishwa na koni zilizo ndani ya bomba, na sailensa hufungwa baada ya mkia, mahali ambapo kazi imekwisha. Sailensa iliyotengenezwa vizuri hupunguza nguvu kidogo sana. Kinachodhuru ni mkia uliobanwa kuliko vipimo vyake, kwa kuwa huzuia moshi na kupandisha joto la pistoni.

Mashindano makubwa yalishaamua suala hili. EFRA, shirikisho la Ulaya la magari ya rimoti, huidhinisha mabomba na sailensa kwa namba maalumu, na kwa baadhi ya magari ya naitro hudai pia kasha la kupunguza kelele kwenye kichujio cha hewa, kwa sababu injini hupiga kelele inapovuta pumzi pia. Huku kwetu, Kenya ina kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009, na Tanzania za mwaka 2015. Mahakama ya kwanza, hata hivyo, ni jirani. Uwanja wa shule unaotumiwa kwa ruhusa ya mdomo hufungwa kwa malalamiko ya mdomo.

Baada ya boliti ya mwisho

Kazi inayosahaulika kuliko zote huanza bomba likiwa limeshafungwa. Lakini hata kabla hujalifunga, toa kasha la zamani na uchungulie ndani ya mlango wa moshi huku ukivuta kamba taratibu. Pistoni utaiona ikipita. Ikiwa uso wake ni laini wenye mistari hafifu, endelea. Ikiwa imechanika mistari mirefu ya wima unayoihisi kwa ukucha, acha bomba kwenye kasha lake. Injini hiyo inadai pistoni na ringi, na bomba litaiharakishia kaburi.

Tumia gasketi mpya. Boliti hukazwa kwenye alumini, kwa hiyo nyuzi zake huliwa kirahisi. Kaza kwa zamu, endesha mpaka ipate moto, iache ipoe, kisha kaza tena. Gasketi inayovuja huonyesha ute mweusi wa oili kuzunguka mlango, na uvujaji huo huharibu mwangwi uliougharamia.

Kisha kabureta. Silinda inayojaa zaidi inahitaji mafuta zaidi, na kabureta haijui kuwa umebadilisha bomba. Sindano ya raundi za juu, yenye alama H kwenye Walbro, ifungue kwa moja ya nane ya mzunguko kabla ya kuwasha. Afadhali injini ikohoe kwa kunyweshwa mafuta mengi kuliko iimbe vizuri ikiwa na kiu, maana katika tuu-stroku mafuta ndiyo yanayobeba oili, na injini yenye kiu hunoki. Usipunguze oili pia. Uwiano wa 25 kwa 1 unaopendekezwa kwa injini hizi ni mililita 40 za oili kwa kila lita ya petroli.

Piga mzunguko wa nguvu kamili, zima ghafla bila kuiacha ingurume, ichomoe plagi. Rangi ya kahawia kama chai ya maziwa ni habari njema. Nyeupe ya chokaa ni onyo la kuongeza mafuta papo hapo. Nyeusi yenye majimaji ni ruhusa ya kufunga sindano kidogo. Rudia mpaka plagi ikubali. Ukitaka kusogeza utamu wa bomba, shingo ndiyo inayoguswa: kwenye bomba la sentimita 45 lililolengwa raundi 14,000, kukata sentimita moja kunapandisha kilele kwa raundi 300 hivi. Kukata ni rahisi, kuunga tena ni kazi, kwa hiyo kata kidogokidogo.

Hukumu

Tukiweka yote kwenye mizani, kwa gari la petroli la 1/5 lenye kasha la kiwandani na injini nzima, bomba la mwangwi ndilo badiliko moja linalohisiwa kuliko mengine yote unayoweza kufunga kwa spana bila kuifungua injini. Kwa gari la naitro ambalo tayari linalo, fedha hiyohiyo huzaa zaidi kwenye matairi na klachi. Kwa injini iliyochoka, ni hasara kwa magari yote.

Anayenunua la kwanza, na anayeendesha leo udongo, kesho majani, achukue bomba la chuma la raundi za katikati, lenye sailensa, lililotengenezwa kwa chesisi yake, lenye kishikizo cha pili. Halitakuwa na namba kubwa kuliko mengine dukani, wala halitawashtua watu ukingoni. Lakini atakapotoka kwenye kona na kubonyeza resi, gari litaondoka muda uleule, na bomba la raundi za juu litakuwa bado linasubiri raundi zake.